Begi la Mlangoni

Kuna video za wawindaji wa Marekani ambazo nimezitazama kuliko mtu yeyote wa Mukuru kwa Njenga ana haja ya kuzitazama. Msee anaamka, anamwaga vitu vyake vyote mezani, halafu anaviingiza kwenye begi kimoja kimoja huku akieleza kwa nini. Anaenda kumwinda elk, kulungu mkubwa wa milima ya huko, ambaye dume lake linaweza kupita kilo 300. Begi lenyewe ni dogo, la siku moja. Ndani kuna maji, chakula cha kutafuna njiani, koti la mvua, nguo ya joto, tochi mbili, kiberiti kilichofungwa kisiingie maji, kisu, kamba, bandeji. Na chini kabisa kuna mifuko ya kitambaa, mitupu, iliyokunjwa. Hiyo ni ya nyama. Akibahatika, mnyama atakatwa vipande na kubebwa mgongoni safari kadhaa mpaka gari lilipo. Kwa hivyo begi halijazwi likajaa. Linatoka nyumbani na nafasi.

Hiyo nafasi ndiyo ilinikaa kichwani.

Sisi hapa hatuwindi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977, na siku hizi ukipatikana na nyama ya porini hiyo ni kesi. Lakini kupanga begi tunajua. Simama Enterprise Road saa kumi na mbili asubuhi utazame watu wakimiminika kutoka Mukuru kuingia Industrial Area kwa miguu. Kila mmoja ana kibegi. Ndani kuna ovaroli, mkebe wa chakula cha jana, kitambulisho, na labda shilingi hamsini ya dharura iliyofichwa mahali mwizi hataangalia. Wanaenda kusimama kwenye geti za viwanda, mtu atoke aseme wewe, wewe, na wewe. Asiyechaguliwa anarudi na mkebe wake na kula kejani. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye hizo geti miaka minne. Huko unajifunza kubeba kile tu ambacho hutajuta kukirudisha.

Begi lingine ni la mathe. Hilo ndilo nataka kuwaambia habari zake.

Linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Msumari umepigiliwa chini, kwenye urefu ambao kakangu mdogo alikuwa anaufikia akiwa na miaka saba, na haikuwa bahati mbaya. Sheria za begi hilo ni fupi. Haliazimwi. Halitolewi pale kufagiwa. Zipu zinaangalia nje. Yeyote aliye karibu na mlango siku kukiwa na kelele ndiye mwenye begi, hata kama ni mtoto, na akishalivaa haliweki chini mpaka mathe alichukue kwa mkono wake.

Kwa mtu ambaye hajaishi huku, hizo sheria zinaweza kuonekana za ajabu. Lakini mtaani kwetu kuna wageni watatu ambao hawapigi hodi. Wa kwanza ni moto. Nyumba ni za mabati na zimeshikana ukuta kwa ukuta, waya za stima zimepita juu kama kamba za kuanikia nguo, na kiangazi jiko moja likianguka, safu nzima inaweza kuisha kabla hujamaliza kuvaa viatu. Wa pili ni maji. Neno lenyewe *mukuru* kwa Kikuyu ni bonde, na mto Ngong unapita hapa chini. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, watu wa kando ya mto walipanda juu na watoto mgongoni. Wa tatu ni tingatinga. Mwishoni mwa 2021 nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Yetu ilikuwa moja.

Nilikuwa na miaka ishirini. Mathe hakukimbilia kitanda wala meko. Aliingiza mkono nyuma ya mlango, akanivisha begi, akakaza kamba za mabega mpaka nikashindwa kupumua vizuri, akaniambia nikasimame mbali na vumbi. Ndiyo kazi niliyopewa siku hiyo: kusimama. Nikaona kitanda chetu kikitoka vipande. Jirani yetu mmoja aliokoa TV akaacha vyeti ndani. Hadi leo TV haiwaki, na vyeti bado anavifuatilia ofisi baada ya ofisi. Sisi tulilala chini ya turubai wiki mbili, lakini shule mpya ilipotaka cheti cha kuzaliwa cha kakangu, mathe alifungua zipu na kukitoa kikiwa hakina hata kunjo.

Kwa hivyo kwetu mtu akisema begi, tunaelewa kwamba kuna kitu kinatufukuza.

Sasa, mwaka huu mbogi ya watu kumi na wawili, wengi tuliosoma pamoja, tuliamua kupanda Elephant Hill. Ni kilima kwenye safu ya Nyandarua, ile ramani nyingi zinaiita Aberdare, na ukikiona kwa mbali kinafanana na mgongo wa ndovu aliyelala. Kilele chake kiko karibu mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Wanairobi wengi siku hizi wanakwenda huko wikendi na makampuni ya matembezi, wakiwa na viatu vya bei ya kodi yetu ya miezi mitatu. Sisi tulichanga kila Ijumaa kwa M-Pesa kuanzia Novemba, tukakodi matatu ya mtaa, tukaweka kando ada ya msitu na pesa ya mtu wa kutuongoza. Tarehe ikawa Jumamosi moja ya Februari. Kwenye WhatsApp ikaletwa orodha: maji lita 3, koti la mvua, sweta, chakula, tochi, na begi la mgongoni lenye kamba mbili pana.

Nina kibegi cha kazi, cha kamba moja. Kakangu ana begi la shule ambalo zipu yake ilishakufa. Begi la kweli nyumbani kwetu ni moja. Mathe alilitoa Gikomba 2013, kwenye rundo la mitumba, na nadhani aliyeliuza hakujua ni nini. Kitambaa chake hakipitishi maji haraka. Lina mkanda wa kiunoni wa kuhamisha uzito kutoka mabegani. Kifungo cha kifuani kina filimbi ndani yake, kitu ambacho kakangu aligundua akiwa na miaka mitano na akapigwa marufuku siku hiyohiyo. Ni begi la mlimani. Lilishonwa huko ng'ambo ili mtu apande nalo mahali, na limekaa zaidi ya miaka kumi nyuma ya mlango Wape Wape.

"Mathe, naomba begi Jumamosi."

Alikuwa anakatakata sukuma. "Begi gani?"

"La mlangoni."

"Unahama?"

"Tunaenda kupanda mlima."

"Huko juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tunapanda, tunaangalia, tunashuka."

"Na mnalipa."

"Ee, tunalipa."

"Mnalipa ndiyo mchoke." Akaendelea kukata. Nilidhani imeishia hapo. Halafu akaweka kisu chini. "Na moto ukishika Jumamosi?"

Hakuwa ananitisha. Februari ni kiangazi, upepo unavuma, na mwezi uliotangulia safu moja upande wa Sisal ilikuwa imeungua usiku. Lilikuwa swali la hesabu. Siku moja bila begi ni siku moja. Sikuwa na jibu, na mathe anajua sura yangu nikiwa sina jibu. Akasema sufuria imechemka, nitie unga.

Siku tatu hatukulitaja.

Alhamisi usiku, kakangu akiwa amelala, aliinuka bila kusema, akalitoa kwenye msumari na kulimwaga kitandani. Sijawahi kuona vitu vyote vya begi hilo kwa pamoja. Huwa linafunguliwa kidogo, kinatolewa kinachotakiwa, linafungwa. Nikakaa pembeni kama mtu aliyealikwa kwenye kikao cha wazee.

Karatasi zilikuwa ndani ya faili ya plastiki. Vyeti vya kuzaliwa, vitatu. Kadi za kliniki, yangu ikiwa na doa la chai. KCPE na KCSE zangu. Kibali cha mazishi cha baba, na nyuma yake picha yake ya pasipoti ambayo sikujua ipo. Kitabu cha chama. Halafu furushi la risiti lililofungwa kwa mpira, nyingi, nyembamba. Nilizigeuza nikaona ni za kodi ya ile nyumba iliyobomolewa, kuanzia 2009. Miaka kumi na miwili ya kulipa mahali ambapo sasa ni lami.

"Za nini tena hizi?"

"Siku wakiuliza nani alikuwa anaishi pale," akasema. Hakuna aliyeuliza bado. Lakini zimepangwa mwezi kwa mwezi.

Halafu vikaja vitu vingine. Tochi ndogo, na betri zake zimetolewa zisivuje. Mshumaa. Kiberiti ndani ya kichupa cha dawa kilichofungwa kwa gundi ya karatasi. Panadol, bandeji, spiriti. Kipande cha kamba ya manila. Wembe mpya kwenye karatasi yake. Leso mbili. Sabuni. Pedi. Glukosi ya unga. Mimi nikaanza kucheka peke yangu, na mathe akaniangalia kama mtu anayeanza kuugua. Ilibidi nimwonyeshe simu. Yule msee wa Marekani na meza yake. Tochi, tochi. Kiberiti kisichoingia maji, kiberiti kisichoingia maji. Kamba, bandeji, kitu cha kukatia, kitu cha kujifunika. Mathe alitazama video dakika nzima bila kuelewa maneno.

"Huyu anakimbia nini?" akauliza.

"Hakimbii. Anaenda kuwinda."

"Na hizo za mwisho, hizo tupu?"

"Za kubebea nyama akirudi."

Akatazama kidogo zaidi, kisha akanirudishia simu. "Vyangu hivi viache humo," akasema. "Utavihitaji." Akatoa karatasi peke yake.

Tulichukua ndoo ya rangi ya lita 20, ile tunayowekea unga, akaipangusa mpaka ikalia. Faili likaingia, likakunjwa kidogo, jambo ambalo halikumfurahisha. Kifuniko kikagongwa kwa ngumi. Halafu mathe, mtu wa miaka hamsini na mbili, akaibeba ndoo hiyo kutoka kitandani hadi mlangoni mara mbili, haraka, mara moja kwa mkono wa kulia na mara moja kwa wa kushoto. Akaiweka pale chini ya msumari. Akarudi kulala.

Usiku wa Ijumaa ndio nilipanga. Nitaeleza nilivyopanga, kwa sababu kuna mtu anasoma hii kutoka Pipeline au Kayole au Dandora ambaye anadhani mlima ni wa watu wenye vifaa. Vifaa vingi unavyo.

Anza na maji, kwa sababu maji ndiyo mzigo. Lita moja ni kilo moja. Huku kwetu hilo halihitaji kufundishwa. Mtu aliyebeba mtungi wa lita 20 kutoka kwa bomba la kulipia tangu darasa la tatu anajua kilo 20 zinakaa wapi shingoni. Lita 3 ni kidogo ukilinganisha, lakini utazibeba saa nyingi, kwa hivyo ziweke karibu na uti wa mgongo, katikati ya begi. Zikikaa chini sana zinakuvuta nyuma. Zikikaa juu sana utayumba kwenye matope. Na usibebe chupa za plastiki za kutupwa. Tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Nilibeba chupa mbili za stili, moja ya kakangu ya shule yenye picha ya gari, na nyingine ya kuazima.

Halafu baridi. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua nyuzi kama sita na nusu. Nairobi iko mita 1,700 hivi. Elephant Hill imepita mara mbili ya hapo. Toa nyuzi kumi na mbili kwenye asubuhi ya kawaida ya mtaa, halafu ongeza upepo na mvua. Usivae jinzi. Jinzi ikilowa inakuwa kama kubeba mtu. Mimi nilivaa taiti za michezo za mitumba na fulana nyepesi, nikaweka sweta ya manyoya na marvin ndani, na soksi za pili ndani ya ile marvin. Kila kitu kikaingia kwanza kwenye gunia safi la unga, mdomo ukasokotwa, ndipo gunia likaingia begini. Begi linaweza kulowa. Gunia litachelewa kulowa.

Koti la mvua linakaa juu kabisa, kwa sababu mvua haikungoji ufukue. Chakula ni kile unachoweza kula ukiwa umesimama: chapo mbili zilizoviringishwa na mayai, ndizi, njugu, nduma iliyochemshwa na chumvi. Kijimfuko cha kurudishia taka, pamoja na karatasi ya choo uliyotumia. Pedi za mathe zikabaki mfukoni pembeni. Akina dada, mlima huja na kalenda yake. Kitambulisho. Simu iliyozimwa mpaka kileleni.

Na viatu. Orodha ilisema viatu vya mlima. Nikachukua gambuti zangu, zilezile za kuvukia njia ya kwenda chooni Aprili, nikaongeza soksi nzito.

Nilipomaliza nikaona kitu. Begi la mathe huwa limejaa hadi zipu inalalamika, kila mfuko umeshiba. Mwenyewe nilidhani ni kwa sababu ana vitu vingi. Lakini vitu vyenyewe si vingi hivyo. Ni kwamba begi la kukimbia halihitaji nafasi. Halikupangwa kurudi.

Saa kumi alfajiri mathe alinisindikiza mpaka stage na tochi ya simu, leso begani, bila kuzungumza. Matatu ikapita Waiyaki Way, ikapanda Limuru kwenye ukungu, ikakata kona pale Flyover kuelekea Njabini. Jua lilitukuta kwenye mashamba ya Kinangop, viazi na kabeji hadi mwisho wa macho, na wakulima wote, wote kabisa, wakiwa na gambuti.

Kituo cha msitu tulilipa, tukapewa askari wa misitu mwenye bunduki, kwa sababu ndovu na nyati ni wenyeji wa pale. Aliyetuongoza alikuwa mzee mwembamba wa Njabini. Alitazama miguu yetu mmoja baada ya mwingine kama mtu anayenunua ng'ombe. Alipofika kwangu akatazama gambuti zangu, akatazama zake, akaendelea mbele. Sikuhitaji sifa nyingine siku hiyo.

Baada ya miti ya kupandwa unaingia mianzi. Mianzi imefunga juu kama paa, na chini ni matope meusi ambayo hayana haraka ya kukauka hata kiangazi. Hapo ndipo viatu vya kuazima vilianza kulia. Kuna samadi ya ndovu njiani, mbichi. Mzee akatuambia pia kuhusu bongo, yule swala mkubwa wa msituni mwenye milia myeupe. Bongo wa mlimani anapatikana mwituni Kenya pekee, na waliobaki huko wanakadiriwa kuwa chini ya mia moja. Zamani walikuja watu kutoka mbali kumwinda. Sasa kuna wanaomfuata kwa nyayo na kamera, wiki nzima, ili tu wajue bado yuko. Sikumwona. Lakini nilitembea kimya kwa saa nzima, kwa ajili yake.

Mianzi ikiisha unatoka kwenye nyasi ndefu na vichaka vya baridi, na upepo unakutandika usoni. Mbele kuna mahali wapandaji wamepaita Point of Despair, pa kukata tamaa, kwa sababu ukifika pale ukidhani ni kilele, unaona kilele chenyewe bado kiko mbali kimetulia. Mvua nyembamba ikaanza. Koti langu lilikuwa juu. Nikalitoa bila kusimama. Mwenzetu mmoja aliyekuja na jinzi alikuwa ameanza kutetemeka mpaka hawezi kushika chupa. Nikafungua gunia, nikatoa leso zote mbili za mathe, kavu, zinanuka sabuni ya kipande. Moja tukamfunga kiunoni juu ya ile suruali, nyingine kichwani na shingoni kama bibi arusi. Nikamkorogea glukosi. Watu wakacheka, yeye pia akacheka, na baada ya dakika ishirini akawa anatembea. Zile leso zilikuwa zimekunjwa miaka yote hiyo kwa ajili ya usiku mbaya.

Kileleni tulikuwa ndani ya wingu. Halafu wingu likafunguka upande mmoja, kama dakika tano, na chini kabisa kukawa na maji yametulia, rangi ya bati jipya.

"Sasumua," mzee akasema. "Bwawa. Hayo ni maji yenu ya Nairobi."

Nilikuwa na chupa ya kakangu mkononi, imebaki robo. Maji niliyonunua kwa mtungi Wape Wape, siku za kawaida shilingi tano, siku za uhaba ishirini, na Alhamisi hiyo ilikuwa kumi. Nikatazama bwawa, nikatazama chupa. Tumebeba maji kutoka Mukuru tukayapandisha juu ya mahali maji ya mji yanapotoka. Nikanywa yaliyobaki. Sikuona la kusema, na mzee naye hakuongeza.

Kushuka kulichukua karibu muda sawa na kupanda. Njabini, saa kumi na moja jioni, nikawasha simu. Zikaingia jumbe saba, zote za kakangu, kwa simu ya mathe, kila baada ya saa moja na kitu.

*Ndoo iko.*

*Ndoo bado iko.*

*Ndoo iko, tumekula.*

Ya sita ilikuwa picha ya mathe kutoka mgongoni. Amekaa mlangoni kwenye kigoda, miguu nje, ndoo ndani nyuma yake. Ya saba: *Mathe hakuenda kufua leo usimwambie nimekwambia.*

Jumamosi ndiyo siku ya kufua. Kwenye ploti za Tassia na Imara Daima, Jumamosi moja inalingana na siku tatu za katikati ya wiki. Mathe hakosi Jumamosi. Alifua Jumamosi aliyokuwa na malaria. Nikasoma ujumbe huo mara mbili kando ya barabara, wenzangu wakinunua karoti, na nikaelewa alivyojibu swali lake la moto. Begi lilikuwa limeenda mlimani, kwa hivyo yeye alikaa mahali pake.

Begi langu lilikuwa tupu karibu lote. Maji yameisha, chakula kimeisha, nguo nimezivaa. Nikaenda kwa mama aliyepanga viazi kwenye madebe, viazi vya Kinangop, bado na udongo mweusi. Nikamwaga madebe mawili ndani ya gunia, kabeji moja juu, zipu ikafunga kwa shida. Wenzangu walisema nimerukwa na akili, kuongeza mzigo baada ya mlima. Mkanda wa kiunoni ulibeba vizuri. Ndiyo kazi yake.

Saa tatu usiku mathe alifungua mlango kabla sijagonga. Aliangalia begi, si mimi. Akalishika kutoka chini kwa viganja viwili, akapima.

"Mlima ndio mzito hivi?"

"Fungua."

Akatoa kiazi kimoja, akakipangusa kwa kidole gumba, akakipeleka kwenye mwanga. "Debe ngapi?" Nikamwambia bei. Akashangaa kwa heshima, vile anashangaa kitu kikiwa rahisi. Sikutaja kufua. Yeye pia hakutaja. Usiku huo tulikula viazi na kabeji tupu, na Jumapili asubuhi akauza nusu debe kwa majirani kwa bei ya Mukuru, akarudisha sehemu ya Jumamosi yake.

Begi lilioshwa, likaanikwa siku tatu mpaka harufu ya matope ikatoka. Jumanne usiku akalirudishia vyake: betri nje ya tochi, kiberiti kwenye kichupa, leso zimefuliwa na kukunjwa vilevile. Faili likanyooshwa kwa kulalia chini ya godoro kabla ya kuingia. Risiti za 2009, 2010, 2011, zote. Akafunga zipu, akalipachika kwenye msumari, zipu zikiangalia nje.

Mfuko mkubwa wa mbele ulikuwa umelala bapa. Nikadhani kuna kitu amesahau, nikaushika. Ulikuwa mtupu.

"Na hapa?"

"Hapo wacha," akasema. "Pa viazi."